Bampa Lililobaki na Kibanda

Baba Kanini,

Alfajiri nilisikia spana ikianguka gizani, nikajua umeshindwa kungoja kupambazuke. Uji uko kwenye chupa. Kunywa kwanza.

~~Uza hiyo pikapu.~~ Hapana, usiuze. Jana usiku ulisema utaiuza kwa sababu ya hasira tu, ukajifunika blanketi. Sikukucheka wewe, jamani. Nilicheka kwa sababu ulipojaribu kukivuta kibanda, pikapu iliondoka bila kibanda, bampa likabaki limefungwa kwenye kibanda changu. Hata jirani yetu Mama Were ilibidi akae chini kwa kucheka.

Kosa ni moja tu. Ndoano ya kuvutia kibanda uliichomelea kwenye bampa, na bampa la gari kuukuu kama hili limeliwa na kutu. Nimeenda Kileleshwa kumwita Fundi Odero aje aichomelee kwenye chesisi yenyewe, ile fremu ya chuma chini ya gari. Wewe weka mawe kwenye magurudumu ya kibanda kisiteremke. Kikifika sokoni kabla ya saa sita, nafasi ni yetu. Kikichelewa, anapewa mwingine.

Leo sina darasa langu la jioni, nitapika mimi.

Mama Kanini

Nilisahau: nikimvalisha viatu, Kanini aliliangalia lile bampa akasema, "Gari ya Baba iko na nguvu."