Nishani Iliyobaki Zamu

Baba yangu, shikamoo.

Marahaba yako naijua ilivyokuwa, ndefu, ya mtu aliyezoea kushindana na upepo, basi nimejiitikia mwenyewe na tuendelee. Nimekaa barazani kwa Bibi, hapa hapa Vihingo. Bibi tulimzika mwaka jana baada ya mavuno ya mpunga. Kama mmekwisha kuonana huko, bila shaka amekwisha kukusimulia mabaya yangu yote, maana mama yako hakuwa mtu wa kuweka akiba ya maneno. Lakini moja hakulijua, au alilijua akanyamaza, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Baba, mimi nilikuibia nishani. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama ulipata aibu mbele ya wakubwa wako kwa ajili yangu, na kama ulikufa na kinyongo na mwanao.

Wajukuu zako watakuja kuisoma hii, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Wao wanasikia tu kwamba babu yao alikuwa mkubwa wa manowari, wanadhani ulizaliwa umevaa kofia nyeupe. Wewe ulikuwa mtu wa muhogo. Mtu wa Vihingo maji yake ni ya kisima na ya mvua, hayo ya chumvi anayasikia kwa wenzake. Ulikwenda Dar es Salaam kuuza mikeka, ukaona meli ya serikali inatafuta watu wa kuvuta kamba, ukaacha mikeka pale pale bandarini. Ulianza kwa kusugua sitaha. Ukajifunza bendera za ishara, ukajifunza usukani, na vita kuu ya pili ilipokuja wakakuhamishia manowarini. Mwisho ulifika cheo ambacho hakuna mtu wa rangi yetu aliyekivuka, mkuu wa mabaharia wote weusi, na hata Wazungu vijana walikuwa wanakuuliza kwanza kabla ya kutoa amri. Bibi alikuita Admirali wa Mihogo. Alisema, "Wenzetu husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu wangu kacheza kwa watu, na huko huko wamemtunza!" Halafu anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa kanga.

Kanga ya Bibi nayo ina kisa chake. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka kama minane, ukaja likizo, ukasema mtoto wa baharia hawezi kukaa hajui kusoma. Ukachukua kanga mpya ya Bibi, mpya, haijaloa hata maji ya kwanza, ukaikata vipande vya bendera na kuvitundika kwenye kamba ya katani toka mpapai hadi jikoni. Kila bendera herufi yake. Mimi niliijua A ya kanga kabla ya A ya ubao. Bibi alipotoka kisimani akaona kanga yake inapepea uani, lo! Wewe, mkuu wa mabaharia, ulikimbia ukazunguka nyumba mara mbili, mama yako nyuma yako na mwiko. Nikicheka leo nacheka peke yangu, watoto wananitazama.

Kisha ukaja kuniaga nikiwa na miaka kumi. Kutoka siku ile sikukuona tena kwa macho. Namaanisha hivyo hivyo nilivyoandika.

Ulirudi mara moja tu, vita ikiwa kali, likizo ya siku saba. Mimi nilikuwa nimevunja ungo, nimewekwa ndani, ni mwali. Wewe unajua, lakini wajukuu zako wanasoma shule za siku hizi, kwa hiyo nawaandikia wao: mwali wetu sisi Wazaramo hukaa ndani miezi, wengine mwaka na zaidi. Haoni jua, hasemi na watu, hapazi sauti, na mwanamume yeyote haruhusiwi kumwona, hata baba mzazi, mpaka siku ya kuchezwa ngoma ya kumtoa. Mama alikwisha kufa zamani, kwa hiyo mlezi wangu humo ndani alikuwa Bibi.

Nikakusikia, baba. Nilisikia viatu vyako uani, vigelegele vya wanawake, mtoto wa jirani akilia kwa kuogopa ile kofia. Nikasikia na nishani zenyewe zikigongana kifuani kwako. Vihingo nzima ilikuona na nguo zako nyeupe na nishani nne. Mwanao peke yake ndiye aliyekaa gizani akivisikia vyuma.

Nikasikia ukimwambia Bibi, "Mama, nimepewa siku saba, na vita haina adabu. Niache nimwone mwanangu, hata mgongo."

Bibi akakuuliza, "Huko kwenu, mtu akiwekwa zamu, anaondoka kabla ya wakati wake?"

"Haondoki."

"Hata akija baba yake?"

Ukasema, "Hata akija baba yake."

"Basi na huyu yuko zamu."

Hapo nilimchukia Bibi, Mungu anisamehe. Nilitaka upige mlango teke, wewe uliyekuwa unaamrisha watu mia. Nikakusikia ukicheka kidogo na kusema, "Nimekubali, mkubwa," ukaenda kuoga.

Siku ya sita asubuhi Bibi alisimama uani akasema kwa sauti, akimwambia nani sijui, "Mimi nakwenda shamba kuchimba muhogo. Sirudi mpaka adhuhuri. Nakwenda, na masikio yangu nakwenda nayo." Jembe likaenda likigonga njia. Haikupita hata dakika nikakusikia nyuma ya nyumba, pale udongo ulipokuwa umebanduka kati ya fito ukaacha tundu la kupita vidole vitatu. Kwa ndani palikuwa na mkeka wangu. Nikausogeza.

Ulisema, "Sikuoni na hunioni. Amri ni amri. Wala usiseme. Gonga ukuta, moja ndiyo, mbili hapana. U mzima?"

Nikagonga mara moja. Nilikuwa nalia lakini nikagonga.

Ndipo ukaanza kunipitishia nishani zako moja moja nizishike. Ya kwanza ilikuwa nzito na laini. Ukasema, "Hiyo wanakupa kwa kukaa miaka mingi bila kulewa wala kuchelewa. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote." Ya pili ukasema ni ya siku Mfalme wa Waingereza alipovaa taji. "Yeye alivaa taji kwao, sisi tukasimama juani huku toka asubuhi. Sikufanya lolote, mwanangu. Hiyo ni nishani ya jua." Nikaziba mdomo nisicheke.

Ya tatu ilipoingia mkononi mwangu ukanieleza kuhusu ile meli iliyopasuka mtambo wa mvuke bandarini. Uliteremka chini kwenye joto mara mbili, kila mara ukapanda na mtia makaa mmoja wa tanuri begani. Ukasema, "Wa tatu sikumfikia. Nilimsikia anagonga bomba. Nikateremka tena, mvuke ukanirudisha. Akagonga, akagonga, halafu hakugonga tena." Sauti yako ilikuwa ile ile, pole, kama unanieleza bei ya nazi. "Watu wakanipigia makofi kwa wawili. Mimi namsikia yule mmoja. Wewe gonga, Zena. Ukigonga nasikia raha."

Nikagonga. Nikagonga tena na tena mpaka kidole kikauma.

Ya nne ulinipa haraka haraka, ile ya ndege iliyowapiga risasi ukabaki juu unapeperusha bendera za kuita msaada huku mkono umevunjika. Ulisema ulizipeperusha kwa ufundi ule ule wa kanga ya Bibi. Kisha ukaweka kiganja kwenye tundu nikurudishie mali yako.

Nikarudisha ya kwanza. Nikarudisha ya pili. Nikarudisha ya nne.

Nitakwambia kwa nini, maana nimekuwa na muda wa kufikiri. Niliona ile ya tatu ni mzigo, na nikiibakiza mimi utapumua. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile ya kweli ni ya kitoto: niliona ukiikosa itabidi urudi kuifuata. Nilimchukua mwanahiti wangu, kile kimti cha kuchonga chenye nywele ambacho mwali hupewa akilee na kukipaka mafuta kama mwanawe, nikamfungia nishani ndani ya kitambaa chake. Wakati huo huo Bibi akaanza kukohoa njiani, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi, ukazikumbata zilizopo ukaondoka.

Kesho yake asubuhi, ukijiandaa kusafiri, nikakusikia ukipekua mkoba. Ukatulia, ukapekua tena. Hatua tatu tu kutoka kwangu. Ningegonga ukuta ungejua. Baba, sikugonga. Nikamkumbatia mwanahiti nikabana pumzi. Nikakusikia ukisema, "Haya, zimetosha," ukamuaga Bibi, ukaja ukapitisha kiganja juu ya ukuta wangu, kwa nje, nikasikia mchanga ukidondoka. Ukaenda zako.

Meli yenu haikurudi. Mimi nilikwisha kutolewa, nimechezwa, nimependezeshwa, natembea juani kama watu, Bibi akaitwa bomani Kisarawe nami nikamsindikiza. Tukapewa sanduku ulilokuwa umeliacha kambini. Karani akasoma karatasi: shati ngapi, kitabu kimoja, wembe mmoja, nishani tatu. Halafu akasoma kwamba moja ilipotea kwa uzembe wa mwenyewe.

Uzembe! Wewe uliyekuwa unakunja hata kitambaa cha jasho pembe nne. Bibi alimwambia karani, "Soma tena hapo, mwanangu, umekosea." Akasoma tena. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na nishani yenyewe pembeni mwa kanga, nimeifunga fundo, inanigonga nyonga kila hatua. Sikumwambia. Sikumwambia hata mume wangu. Na adhabu yake niliipata: sura yako ilianza kunitoka. Nilibaki na sauti, viatu na kiganja. Nikijaribu kukuona usoni naona kofia tu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, arusini, nikasikia kuna mzee yuko Pangani ya Kibaha, anaitwa Shomari, analima mananasi, aliwahi kuwa kwenye manowari yenu. Sikulala vizuri siku tatu. Nikasema liwalo na liwe, nikapanda lori la mbao mpaka Kibaha, nikaenda kwa miguu mpaka kwake. Nilimkuta anapalilia. Nilipomwambia mimi ni Zena wa Vihingo aliacha jembe.

"Yule mwali?" akauliza.

Nikakaa chini palepale kwenye matuta.

Akanieleza kwamba safari ile ya mwisho yeye alikuwa hospitali na malaria, ndiyo maana yuko hai. Nikamfungulia fundo la kanga, nikamwonyesha, nikamwambia yote. Nilimwuliza jambo moja tu: baba aliaibika?

Mzee akaigeuza geuza nishani, akacheka mpaka akakohoa. "Aibu? Baba yako? Alirudi kutoka likizo kukiwa na gwaride kubwa. Kamanda anapita, anamtazama kifuani, anamwuliza, nishani yako moja iko wapi? Baba yako kakauka, anasema, 'Iko zamu nyumbani, bwana.' Kamanda anasema, iletwe. Anasema, 'Aliye zamu haondoki kabla ya wakati wake, bwana.' Wakamnyima kushuka pwani wiki mbili. Wakataka kumpa nyingine, akakataa. Ndipo wakamwandikia uzembe."

Nikasema, "Kwa hiyo alijua?"

"Mama, alijua kabla hajavuka kijiji chenu. Alituambia mwenyewe. Alisema mwanangu kanipokea mzigo."

Akaingia ndani akatoka na picha ya siku ya gwaride jingine. Mabaharia safu mbili, na wewe mbele yao. Baba, una sikio moja limesimama, kama la mwanangu wa pili! Nilikuwa nimesahau. Una kovu juu ya nyusi. Unatazama mbele kama mtu anayejizuia kucheka. Na kifuani nishani ziko mbili, halafu nafasi tupu, halafu moja. Mzee Shomari akasema kila gwaride wenzako walikwambia uzisogeze zikae pamoja, zinaonekana mbaya. Hukuzisogeza.

Nililia kwa sauti, baba, pale pale kwenye mananasi ya watu. Mzee wa watu akashika jembe lake akaanza kupalilia tuta ambalo alikwisha kulipalilia.

Picha amenipa. Nimeitundika chumbani, ukutani kwa ndani, palipokuwa na lile tundu. Tulilikandika zamani lakini mahali napajua. Wajukuu zako wameniuliza kwa nini nisiibandike nishani pale penye nafasi. Nimewaambia hapana. Ile nafasi ni ya kwako, umeivaa mbele ya watu, sina ruhusa ya kuiziba. Nishani nimemfungia tena mwanahiti. Binti yangu mkubwa naye karibu ataingia ndani, na yeye atamlea.

Leo asubuhi, kabla ya kukaa kuandika, nimesimama mbele ya picha yako nikagonga ukuta mara moja.

Ni mimi mwanao, mwali wako wa Vihingo,
Zena