Kahawa ya Msiba wa Špiro

Podkuk, karibu na Omiš,
16 Aprili 2024.

Mpendwa Mjomba Jerko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile nyonga yako imekuachia upate usingizi. Huko Punta Arenas, kusini kabisa mwa dunia, najua baridi imeshaanza kubisha hodi. Vaa ile sweta aliyokufumia Mama, hata kama inawasha. Sisi huku hatujambo kwa afya. Presha ya Mama inapanda na kushuka kama kawaida yake, na mimi bado nipo pale pale dirishani posta, napiga mihuri. Mizeituni yako miwili imesalimika na upepo wa Machi.

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza habari za ndugu yangu Špiro, na kila nikishika kalamu naiweka chini. Leo nakueleza, maana usiposikia kwangu utasikia kwa wengine, na wengine watatia chumvi.

Viatu vyake vya kwanza vya mpira ulivituma wewe, vimemzidi namba mbili, akavijaza magazeti. Kwa viatu vile alianza kuwa beki wa kushoto. Akawa nahodha wa timu yetu ya Zubatac akiwa na miaka ishirini na mmoja, akaenda Ujerumani miaka sita, mpaka goti likamrudisha nyumbani. Alipokabidhiwa timu awe kocha, mwaka wa kwanza tu tukapanda daraja la pili. Mji mzima ulimbeba mabegani. Hata kwa kinyozi alikuwa hapangi foleni.

Sasa, pamoja na ya Jumapili, tumecheza mechi kumi na nne bila kushinda hata moja. Tuko mkiani. Watu wale wale waliombeba wakimwona wanageukia baharini, utadhani kuna meli inapita. Frane wa mkahawa alimwambia mbele za watu asithubutu kuja kurusha mipira ya balote na wazee, wasije nao wakashuka daraja. Špiro alicheka pamoja nao. Mimi dada yake nilikiona kicheko kile, sikukipenda.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nakwenda kazini. Unaujua ule ubao wa matangazo ya vifo kando ya kanisa. Nikaona karatasi mpya, ukingo mweusi, msalaba juu, na picha ya Špiro. Mashabiki wa jukwaa la mashariki walikuwa wameandika kwamba kocha wetu mpendwa ametutoka baada ya kuugua kwa mechi kumi na tatu, na mazishi ni Jumapili, saa kumi alasiri, uwanjani.

Sikuichana. Hapo ndipo ninapokuungamia, Mjomba. Unajua kwetu hakuna mtu anayetia mkono kwenye karatasi zile, ni mvua na jua ndivyo huziondoa. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nikajiambia ni utani wa kijinga tu, nitamwambia Špiro jioni. Nikaenda kupiga mihuri yangu.

Bibi Perina, jirani ya Mama, ana miaka themanini na minne na kila asubuhi akitoka misa hupitia ubao kuona nani katangulia. Siku ile hakuwa na miwani. Aliona picha, aliona msalaba, hakusoma zaidi. Saa tatu wanawake saba walikuwa getini kwa Mama, wamevaa nyeusi, kila mmoja na pakiti ya kahawa na sukari mkononi.

Mama alikuwa bustanini anakata mboga. Kahawa ile anaijua, aliipokea Baba alipofariki. Hawakuhitaji kumwambia neno. Kisu kikamtoka mkononi, akakaa chini kwenye tuta.

Walinikimbilia posta, nikaja mbio. Nikawaambia yu hai, ni upuuzi wa mashabiki, niliuona kwa macho yangu asubuhi. Mama akaniangalia.

"Uliuona?" akaniuliza. "Ukauacha pale?"

Niliinama nikakiokota kile kisu.

Mama alitaka asikie sauti ya mwanawe. Lakini Špiro akiwa mazoezini simu huiacha garini. Tulipiga saa nzima na nusu, na muda wote ule hakuna hata mmoja wa wale wanawake aliyethubutu kuondoka. Mwishowe alikuja mwenyewe, nguo za mazoezi zimelowa, akakuta analiliwa. Mama akamshika uso kwa mikono yake yenye udongo.

"Waachie timu yao, mwanangu. Mimi sina mtoto mwingine wa kiume."

"Mama, nikiondoka wiki hii, basi tangazo lao litakuwa la kweli."

Wanawake wakaaga mmoja mmoja wakitazama chini. Kahawa waliiacha, kwa sababu kwetu kahawa ya msiba hairudi na aliyeileta, hata kama marehemu kasimama mlangoni. Špiro alipoondoka, Mama akazipanga zile pakiti saba juu ya kabati, akaapa hatafungua hata moja maadamu Špiro yu hai.

Jumapili mashabiki walikuja na mishumaa myekundu ya makaburini, wakaipanga nyuma ya goli letu. Tulifungwa mbili bila. Mwenyekiti wa klabu hamfukuzi wala hamtetei, haonekani tu. Filimbi ya mwisho ilipolia Špiro aliifuata ile mishumaa, nikadhani ataipiga teke. Alisimama pale, kisha akainua mkono kuwaaga mashabiki, kama alivyofanya alipokuwa nahodha. Hakuna aliyemwinulia wake. Mimi nilikuwa jukwaani, mikono mapajani, nikashindwa hata kuita jina lake.

Nilitaka kukuomba umpigie simu, maana wewe anakusikiliza. Lakini umwambie nini? Akiondoka, atapitaje tena mbele ya watu hawa? Akibaki, kuna mechi sita zaidi. Nimeligeuza jambo hili kila upande, Mjomba, na sioni pa kulishika. Sina la kumfanyia ndugu yangu, na inaniuma sana.

Jana asubuhi alipitia kwa Mama kabla ya mazoezi, kama ilivyo desturi yake. Amekonda, ndevu hazijanyolewa. Mama alimtazama kama anavyotazamwa marehemu, kisha akapanda kwenye kigoda, akateremsha pakiti moja kutoka juu ya kabati, akaichana kwa meno, akaipika. Nilikuwepo, nilikikumbuka kiapo chake, sikumzuia. Špiro akanywa yote, akasema kahawa ni nzuri, akauliza kainunua wapi.

"Tumeletewa," Mama akasema, akamwongezea kikombe cha pili.

Nisalimie mkeo Rosario, na mwanao Vinko na watoto wake. Mama anakusalimu, na Bibi Perina pia, ambaye tangu siku ile hatoki nje kwa aibu. Ukimtumia Mama kifurushi safari hii, tafadhali usitie kahawa. Mungu akupe majira ya baridi mepesi, na atuweke mpaka tuonane.

Mpwa wako anayekuwaza kila siku,
Nediljka