Makocha Watatu wa Tai wa Ghala

KLABU YA MPIRA WA KIAUSTRALIA "TAI WA GHALA", MASKATI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 17 Januari 2026, baada ya sala ya Alasiri
Mahali: Sabla (baraza ya wageni) ya Bwana Yaqdhan, Bawshar

Waliohudhuria:
1. Bi. Hind – Mwenyekiti
2. Bw. Suud – Katibu (ndiye aliyeandika kumbukumbu hizi, kwa mkono wake mwenyewe)
3. Bi. Evodia – Mjumbe, maji na huduma ya kwanza
4. Bw. Lukas – Nahodha
5. Bw. Yaqdhan – Kocha, na mwenye nyumba
6. Bw. Raymond – Kocha
7. Bw. Ulimboka – Kocha

Asiyekuwepo kwa udhuru: Bi. Ruba, Mhazini, yuko harusini Nizwa.
Asiyekuwepo bila udhuru: Bw. Alaa, aliyetuma ujumbe kwamba ana homa. Katibu alimwona kwa macho yake mawili akinywa chai ya karaki ndani ya gari, anacheka.

KUMB. NA. 1/26: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa jina la Mwenyezi Mungu, akasema kwamba amekasirika na kwamba kila mtu aseme kwa ufupi. Aliposema "kila mtu" alimtazama Katibu. Katibu hakuelewa kwa nini.

Katibu aliomba nafasi ndogo ya kuweka msingi. Alieleza kwamba katika kamati nzima ni yeye peke yake aliyezaliwa na mguu wa mpira, maana ujanani kwake Unguja alipiga penalti ikapasua wavu, ikavuka ukuta, ikaingia dirishani kwa kadhi aliyekuwa anasikiliza kesi ya talaka. Kadhi kwa mshtuko akaahirisha kesi, na wale mke na mume wako pamoja mpaka leo. Mashahidi wapo, ijapokuwa wengi wameshakufa.

Mwenyekiti alisema, "Ami Suud, leo hapana hadithi." Katibu alinyamaza kwa heshima ya kikao, si kwa kukosa la kusema.

KUMB. NA. 2/26: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Bi. Evodia aliuliza kwa nini kumbukumbu zilizopita zina ukurasa mzima juu ya mguu wa Katibu. Katibu alijibu kwamba ile ni historia ya michezo. Bi. Evodia alisema, "Mzee Suud, historia gani hiyo haina hata siku moja uliyokosa goli?" Wajumbe walicheka. Mwenyekiti aliamuru ukurasa ufutwe. Katibu aliufuta kwa mstari mmoja mwembamba, ili usomeke.

KUMB. NA. 3/26: AIBU YA JANA MBELE YA TIMU YA BARKA

Kwa faida ya mjumbe mpya atakayesoma: mpira wetu una umbo la yai. Unapigwa kwa mguu au unagongwa kwa ngumi, haurushwi. Kila upande kuna nguzo nne zisizo na wavu. Ukipita katikati ni pointi sita, ukipita pembeni ni moja. Ukiudaka hewani kutoka mguuni kwa mwenzio, unapewa nafasi upige bila kusukumwa. Ligi yetu ya Ijumaa inaruhusu wachezaji kumi na wawili uwanjani, na hapo ndipo tulipoumbuka.

Nahodha Lukas, ambaye ni fundi wa kunyoosha bodi za magari Ghala, alieleza kwamba timu haijashinda hata mchezo mmoja msimu huu, na jana kwa mara ya kwanza ilikuwa inaongoza. Barka walikuwa wameshaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Katika robo ya mwisho Kocha Yaqdhan, akiwa upande wa kulia wa uwanja, alimwingiza mchezaji wetu wa akiba, Atheer. Wakati huo huo Kocha Raymond, upande wa kushoto, alimwingiza mwengine. Hakuna aliyetolewa, maana kila mmoja alidhani mwenziwe atatoa. Kocha Ulimboka alikuwa katikati anapiga kelele, "Toeni watu! Toeni watu!" lakini jana kelele zilikuwa nyingi.

Nahodha wa Barka alinyanyua mkono akaomba tuhesabiwe. Kanuni ya ligi inasema timu ikikutwa imezidi, pointi zake zote mpaka hapo zinafutwa. Refa alitupanga mstari kama watoto wa chuo cha Kurani.

Bi. Evodia aliongeza kwamba mashabiki wa Barka walihesabu kwa sauti pamoja na refa. Walipofika kumi na tatu walipiga makofi. Walipofika kumi na nne walikaa chini, kwa sababu kucheka kuliwashinda kusimama. Ubao ukarudi sifuri, na tukafungwa.

Nahodha alipiga meza kwa ngumi na glasi ya maji ikamwagikia karatasi hii. Doa linaonekana hapo juu.

KUMB. NA. 4/26: ATHARI ZA KUBADILISHA MAKOCHA

Kocha Yaqdhan aliomba ruhusa akaingia ndani kutazama kahawa ya wageni. Hakuwepo kwa sehemu hii.

Mwenyekiti alimtaka Nahodha aeleze hali ya wachezaji. Nahodha alisema maneno yafuatayo, na Katibu ameyaandika kama yalivyotoka:

"Mama Mwenyekiti, chini ya Mzee Yaqdhan nilikuwa mbele, nguzoni, kazi yangu kudaka mipira mirefu. Akaja Mwalimu Raymond akaniweka katikati, hakuna kupiga mbali, ngumi tu, mtu kwa mtu, na mbio. Sasa Kaka Ulimboka kaniweka nyuma nizuie, na kwa kweli hapa ndipo nimeanza kuelewa. Yote nimekubali. Ila jana nipo nyuma, nasikia Mzee Yaqdhan, 'Lukas, nguzoni!' Mwalimu naye, 'Lukas, kimbia!' Nikaenda huku, nikarudi kule. Jamaa wa Barka akapita na mpira akaniuliza, 'Ndugu, umepoteza kitu?' Tunaitwa timu moja, lakini mle ndani ziko tatu, na zote zinafungwa."

Aliongeza kwamba vijana wawili wazuri wameshaacha kuja mazoezini. Hawakuacha kwa uvivu. Walichoka kusahau Jumapili walichofundishwa Jumatano.

Mwenyekiti aliuliza inakuwaje makocha wa zamani bado wanatoa amri. Alisema yeye siku zote alidhani wanakuja kwa mapenzi, kama mashabiki. Alikumbusha kwamba kamati ilimwondoa Bw. Yaqdhan mwezi wa Oktoba, ikamwondoa Bw. Raymond mwezi wa Disemba, na mara zote mbili ilimwagiza Katibu akawaambie kwa hekima.

Yafuatayo yalisemwa kwa sauti ya juu:

"Ami Suud, kwa Yaqdhan ulikwenda?"

"Nlikwenda."

"Ukamwambia?"

"Nlimwambia."

"Ulimwambia nini?"

Katibu alieleza kwamba alimwambia, "Shemegi, kila chenye mwanzo hakikosi mwisho." Bw. Yaqdhan akajibu, "Kweli kabisa, shemegi," akampa chupa ya asali ya mlimani akampelekee yule dada mwengine wa Katibu, maana mmoja kamwoa yeye. Katibu aliona mtu mzima keshaelewa. Mungwana haambiwi jambo mara mbili.

Kuhusu Bw. Raymond, Katibu alieleza kwamba alikwenda mpaka kwake Madinat Sultan Qaboos na nia yake kamili, akamkuta siku hiyo hiyo kapata mtoto wa kike. Aliwauliza wajumbe: mtu kapata mtoto, umwambie kapoteza timu? Hata hivyo alimwambia, "Sasa utapata wasaa wa kukaa na mwanao," na hayo kwa mtu mwenye masikio yanatosha.

Bw. Raymond, ambaye alikuwa ameketi pale pale, alisimama. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi nimeachishwa tangu mtoto azaliwe?"

Bi. Evodia alisema, "Na mtoto keshabatizwa, Mwalimu."

Bw. Raymond alisema kwamba yeye ni mwalimu wa michezo na anajua kuachishwa kazi ni kitu gani. Asichokijua ni kuachishwa kwa pongezi. Alikaa, akamtazama Katibu kwa jicho ambalo Katibu halisahau.

Kocha Ulimboka naye alisimama. Alisema kwamba yeye ni fundi wa injini na hajawahi kuona gari lenye sukani tatu. Likitokea, yeye hapandi. Alisema wachezaji walikuwa wameanza kumsikia yeye mmoja, na jana kazi yao yote imefutwa mbele ya macho yao. "Leo hii, hapa hapa, kocha atajwe mbele ya wenyewe. Mkiona haya, mimi naondoka, na vijana wa Ghala naondoka nao." Nahodha Lukas alikwenda akasimama karibu yake.

Mwenyekiti alisema kwamba vijana wa Ghala wakiondoka wanaobaki hawafiki kumi na wawili, na Ijumaa ijayo ni Sohar. Maana yake klabu inafia ndani ya chumba hiki. 

KUMB. NA. 5/26: KUMWAMBIA MWENYE NYUMBA

Kocha Yaqdhan alirudi na dalla, birika la kahawa, mkononi na sahani ya halwa, akashangaa kukuta watu wamenyamaza. Alisema, "Mmefiwa?" Akaanza kumimina mwenyewe, hakumwachia mtumishi, kama ilivyo ada yake kwa wageni wa klabu.

Ieleweke kwamba kwa desturi ya hapa mgeni huongezewa kahawa mpaka atikise kikombe. Wajumbe wengine wote walitikisa. Katibu hakutikisa. Aliongezewa, akanywa, akaongezewa tena. Kahawa ya siku zote na ya leo si moja. Ya leo ilikuwa na hiliki ya kutosha.

Mwenyekiti alisema, "Ami, tikisa kikombe."

Katibu alisema bado ana kiu.

Bi. Evodia alisema, "Mzee huyu hatalala mpaka Ramadhani."

Mwenyekiti alisema kwa ukali kwamba kamati inamwamuru Katibu amalize kazi aliyopewa Oktoba, sasa hivi. Katibu alitikisa kikombe. Alianza kwa kusema, "Shemegi, kila chenye mwanzo..." Mwenyekiti akamkata: "Bila methali."

Hapo Katibu alisema, na sauti yake ilikuwa nzima, asitokee mtu kusema ilitetemeka: "Shemegi, wewe si kocha. Kamati ilikuondoa tangu Oktoba. Na Mwalimu Raymond tangu Disemba. Kocha ni Ulimboka."

Bw. Yaqdhan aliiweka dalla chini.  Halafu alisema, na alikuwa amekasirika kuliko mtu yeyote aliyekasirika katika kikao hiki:

"Kuniondoa mna haki. Timu ilikuwa inafungwa na mie ndo nnofundisha. Mngenambia siku ile ile ningewapa mkono. Lakini mie na ndevu zangu hizi, nikidhani mmeniletea wasaidizi, nasimama juani Ijumaa baada ya Ijumaa, napiga kelele kama mwendawazimu, na vijana wananijibu 'naam, naam' kwa kunionea huruma. Wajukuu zangu wako pale wananitazama. Na nyote mnajua! Na wewe Suud, ndugu wa mke wangu, umekula asali yangu ukaniacha nipige kelele!"

Katibu alitaka kueleza kwamba asali alimpelekea dada yake kama alivyoagizwa, na yeye alionja tu. Mwenyekiti alimwonyesha kiganja, akanyamaza.

Bw. Lukas alisema, "Mzee Yaqdhan, sisi hatukuitika kwa huruma. Wewe ndiye uliyetufundisha kudaka." Bw. Yaqdhan aligeuka akamtazama.

Bw. Raymond alimwomba radhi Kocha Ulimboka kwa mchezaji aliyemwingiza jana. Alivua filimbi yake shingoni akaiweka kwenye sinia, kando ya halwa. Bw. Yaqdhan aliitazama ile filimbi. Halafu na yeye alivua ya kwake, ile ya chuma aliyokuja nayo kutoka Perth, Australia, alikosoma, akaifuta kwa ncha ya kilemba, akaiweka pembeni ya mwenziwe.

Bi. Evodia aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu basi, maana basi la timu ni la Bw. Yaqdhan. Alijibu, "Basi halijagombana na mtu. Ijumaa litakuwepo. Mie ntakaa jukwaani na wajukuu zangu, na nikinyanyuka kupiga kelele, mmoja wenu aje anambie kaa. Kwa mdomo."

Iliazimiwa:
(a) Kocha ni Bw. Ulimboka peke yake, na siku ya mchezo hakuna mwengine wa kutoa amri wala kuingiza mchezaji.
(b) Kuanzia leo kocha akiondolewa ataambiwa na Mwenyekiti, uso kwa uso, kwa maneno ya kawaida, na kabla ya kahawa.

Katibu alipinga kifungu (b) akisema kinavunja ada zetu na kwamba hata masultani wa zamani walikuwa na watu wa kupeleka habari. Alikuwa peke yake.

KUMB. NA. 6/26: MENGINEYO NA KUFUNGA

Katibu alijitolea kuwafundisha wachezaji upigaji wa mguu kabla ya mchezo wa Sohar. Bw. Ulimboka alijibu kwamba kocha ni mmoja na wameshaazimia. Wajumbe walicheka, na Bw. Raymond naye.

Bw. Yaqdhan alinyanyua dalla upya, kwa sababu haijawahi kutokea mtu akatoka kwake hivi hivi. Kikombe cha kwanza alimpa Bw. Ulimboka, akamwambia, "Kunywa, kocha." Cha pili alimpa Lukas, kisha Mwalimu Raymond, kisha Mwenyekiti, kisha Bi. Evodia. Alipofika kwa Katibu, ambaye alikuwa amekwishanyoosha mkono, alipita akaenda kuirejesha dalla jikoni.

Katibu anaandika wazi kwamba hakuona vibaya, maana alikuwa amekwishakunywa vya kutosha.

Kikao kilifungwa adhana ya Magharibi ilipoanza. Katibu alirudi nyumbani kwa pikapu ya Bw. Ulimboka, nyuma, pamoja na matairi.

..............................
Hind
Mwenyekiti

..............................
Suud
Katibu