Risasi Iliyogota Mlangoni

Baba,

Kuna jambo sikumwambia mtu mwanzoni, hata mama. Siku niliyotumwa kuirudisha bastola yako kwa meneja wa shamba la mkonge, niliipiga kwanza.

Sijui kama huko uliko unasikia yanayosemwa. Yule chui aliyekuua alipigwa baadaye kwa bunduki, na alipochunwa, risasi yako ilikutwa begani, imegota kwenye mfupa. Meneja akatangaza mbele ya vibarua kwamba iligota kwa sababu uliipiga kwa mbali, huku unakimbia. Maneno hayo yalifika kwetu Suji kabla ya jeneza lako. Kijiji kilipokusanyika kwenye msaragambo wa kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, baba mdogo, ndugu yako wa tumbo moja, alisema, "Kaka alijaliwa miguu kuliko mkono." Watu wakacheka, wakaendelea na kazi. Mimi nikainama juu ya jembe langu. Unanijua, mbele ya watu ulimi wangu hufa.

Lakini nilikumbuka vikonyo vya majani ya mpapai. Tulikuwa tukipuliza kunde kupitia humo, tukiwalenga kuku wa mama. Zangu zilianguka miguuni pangu, zako zikapiga paa la jiko. Ukaniambia, "Kata kirefu, mwanangu. Pumzi inataka njia ya kusukumia."

Shuleni nimesoma kwamba baruti nayo ni hivyo hivyo. Ikiungua hugeuka hewa ya moto, na hewa hiyo huisukuma risasi ingali ndani ya mtutu. Mtutu ukiwa mfupi, risasi hutoka kabla haijashika mbio zake. Nguvu iliyobaki huishia nje, ikawa moto na kelele bure.

Meneja alikuwa na bastola mbili zinazotumia risasi za namna moja. Yenye mtutu mrefu alibaki nayo. Ile ya kutia mfukoni, yenye mtutu kama kidole, alikupa wewe ulindie mbuzi wake. "Risasi ni zilezile, kazi ni ileile," alisema. Nawe ukajibu, "Ndiyo, bwana."

Ulijua, Baba. Wewe uliyenifundisha kukata kirefu, ulijua. Ukaitia mfukoni ili mimi nibaki shuleni. Hilo linanichoma kuliko kicheko cha baba mdogo.

Unaukumbuka mlango wa banda la mbuzi, ambao meneja aliutoboa siku ya sikukuu kwa bastola yake ndefu, akiwa amesimama mbali, kule kisimani? Mimi nilisimama karibu, ningeweza kuugusa kwa fimbo. Nikapiga ubao uleule kwa bastola yako. Risasi iliingia ikakwama, kitako chake kinaonekana.

Hukukimbia. Ulimngoja chui mpaka akawa karibu.

Pale mlangoni nikakuambia kimoyomoyo: Kwaheri, Baba. Nitasoma, kwa kuwa ndicho ulichokinunua. Ila "ndiyo, bwana" kwa jambo ninalojua ni uongo, hiyo haitatoka kinywani mwangu.

Mlio ulimtoa meneja barazani. Aliuliza nimepiga nini. Nikamwambia, "Mlango wako, bwana, chini ya tundu lako. Nimepiga kwa karibu na haikupenya." Aliutazama ubao kitambo, kisha akanizaba kofi, akaamuru niung'oe ubao niliouharibu, niondoke nao.

Niliupandisha mlima kichwani. Kwenye msaragambo uliofuata niliuegemeza ubao kwenye ukingo wa ndiva, nikawaeleza watu nani alisimama wapi, kwa bastola ipi. Safari hii ulimi wangu haukufa. Baba mdogo alitia kidole kwenye tundu la juu, kikatokea upande wa pili. Akakitia kwenye la chini, kikagonga risasi. Alikiacha hapo muda mrefu.

Nami nikachukua jembe langu, nikaingia kwenye tope.