Nguzo Nilizozisogeza Bunda

Kaka Magesa, shikamoo. Huku Bunda mvua inanyesha tangu Jumapili.

Tulikuwa tukijenga ghala la pamba la kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti alitaka lori lipite mlangoni, akaniambia nitenganishe zaidi nguzo mbili zilizobeba boriti. Nikamwambia boriti itapinda katikati.

"Boriti nene hivi inapindaga, fundi?"

Nikazisogeza. Jana boriti ilipasuka upande wa chini, katikati kabisa, ikamwangukia Nyamburi, mama aliyekuwa akitupikia. Alikuwa amejikinga na mvua pale mlangoni. Tumemzika leo. Mumewe ameniuliza kama nilijua. Nimemjibu kwamba nilijua.

Mama usimsomee kadi hii. Msalimie tu, na watoto wako Mungu awalinde.

Mdogo wako, Wambura