Kizimba cha Nne

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila siku zinanipita kama niko usingizini. Chumba cha panya wa maabara ulichokilea miaka yote ile bado kina taa yako nyekundu, na panya wakichakura maranda nasikia mvua isiyonyesha.

Nikueleze kazi. Kimelea ni kimoja, hatua zake mbili. Kuna wakimbiaji, wanaozaliana upesi; hao ukimnywesha panya, asidi ya tumbo inawamaliza. Na kuna waliolala, waliojifungia ndani ya gamba kwenye ubongo wa panya mgonjwa. Hao wakiliwa, tumbo haliwawezi: wanapita salama, gamba linafunguka, wanaamka. Nawaota wakifungua macho.

Sasa basi, panya wa kizimba cha nne walinyweshwa wakimbiaji tu, na wote watano wameugua. Profesa anatembea kama bwana harusi. Akiitangaza habari hii, napata ajira ya kudumu.

Mwanao,
Chiriku

18 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Macho ni yale yale, ukungu wa asubuhi kutwa nzima. Barua yako nimesomewa na jirani yangu mwalimu, na hii anaandika yeye. Siku hizi nakula nimesimama jikoni. Tangu mama yako atutoke, meza imekuwa kubwa mno.

Hongera. Lakini kuna jambo linanikereketa. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba panya akibaki peke yake hali chakula, umpeleke kwa wenzake. Hukumhamishia yeyote kizimba cha nne? Maana akifia humo, unawajua panya, hawazikani.

Baba yako

29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Chiriku alipotewa na sauti.

Nilimhamisha mmoja. Alikuwa wa kizimba cha panya wenye waliolala ubongoni. Wenzake walichukuliwa kupimwa, akabaki amejikunyata kwenye kona. Nikamwona kama ambavyo wewe ungemwona. Nikamtia kizimba cha nne. Asubuhi nilikuta mkia tu. Nilisafisha, sikuandika daftarini.

Kwa hiyo walimla, na magamba yake yote. Wakimbiaji hawakumwambukiza yeyote. Ripoti inatumwa tarehe kumi. Nikisema, ajira imekwenda. Naogopa, baba.

Mwanao

2 Mei

Chiriku,

Nimemwomba mwalimu aandike haraka. Sema kabla ya tarehe kumi, kuna watu wataiamini karatasi hiyo. Mwambie profesa kwamba mzee wa taa nyekundu ndiye aliyekufundisha vibaya. Mimi sina tena kazi ya kufukuzwa.

Baba

20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje huko na ukungu wako?

Nilisema tarehe tisa. Kosa nililibeba mwenyewe, wewe sikukutaja. Profesa aliichana ripoti, chai yake ikapoa mezani. Ajira amepewa mwingine. Mimi nimeachiwa vizimba hadi mwisho wa mwaka, na jaribio tunalirudia toka mwanzo. Nililia, sasa basi.

Jana panya wa kizimba kimoja walichukuliwa kupimwa, akabaki mmoja kwenye kona. Sikumhamisha. Nilivuta kiti, nikakaa naye chini ya taa yako, nikimpigia soga kama mwehu, mpaka akala.

Jumamosi nakuja. Pika cha wawili, unisubiri mezani.

Mwanao,
Chiriku