Walipanda Treni, Mama Neema

Mama Neema,

Ulinidanganya. Naanza hivyo kwa sababu najua hata huko uliko utaruka kujitetea, na mimi nina hamu na kelele zako. Ile familia ya kwenye filamu yako ya nyimbo haikupanda mlima wowote. Walipanda treni!

Ndiyo, hiyo hiyo filamu uliyokuwa ukiwawekea watoto wa madam kule Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, tulipofanya kazi pamoja, ili na wewe upate kuketi kidogo. Yaya anatumwa nyumba ya mwanajeshi mkali mwenye watoto saba anaowaita kwa filimbi. Anawashonea nguo za mapazia, anawafundisha kuimba, mwishowe wote wanatoroka kwa miguu kupitia milimani. Hapo ulikuwa ukilia kila mara, beseni mapajani, halafu unasingizia vitunguu.

Sasa niko Jeddah kwa bosi mwingine. Nyumba nzuri, sikatai, sinyang'anywi simu. Juzi binti mkubwa wa hapa alinikuta nikiitazama ile filamu, akanisomea habari za watu wenyewe. Kumbe walikuwepo kweli. Yaya aliitwa kumfundisha mtoto mmoja tu, aliyekuwa mgonjwa. Filimbi ilikuwepo, lakini baba hakuwa mkali hivyo. Na siku ya kuondoka walibeba mabegi yao, wakasema wanaenda kuimba nchi za nje, wakapanda treni mchana kweupe. Nilicheka mpaka binti akaogopa. Halafu nikalia, na hapakuwa na kitunguu.

Kwa sababu wewe ulinijaza ukuta kichwani. "Sisi tutaruka ukuta tu, we ngoja." Tukianika nguo uani, unaupima kwa macho. Na kumbe anayengoja ni wewe. Mkataba wako uliisha, madam akasema safari ni baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema baada ya Hija. "Wewe mtu wa nyumbani, unaenda wapi?" Ukatabasamu. Ulipoanza kushika kifua ulikuwa bado unangoja. Ulipokufa safari ya kukurudisha kwenu ilipatikana, bila Ramadhani wala Hija. Nina hasira, Mama Neema. Nina hasira na yule mama, na zaidi na hilo neno lake. Mtu wa nyumbani akishika kifua anapelekwa hospitali.

Jana neno hilo likanifuata huku. Mkataba wangu umeisha. Madam wa hapa akanimiminia chai, yeye mwenyewe, mimi nimeketi! Akaniomba niongeze miaka miwili, watoto watalia, na mimi ni mtu wa nyumbani.

Nikakuona wewe ukitabasamu.

Sikutabasamu. Nikamwambia, "Madam, nyumbani kwangu ni Bungoma. Nataka pasipoti yangu na tiketi. Halas, imetosha." Niliposimama chai ikamwagika kwenye zulia, na sikuinama kuipangusa. Akanuna. Bosi naye akasema ataangalia. Aangalie mpaka macho yamtoke, siongezi hata wiki moja. Wakikaa kimya, nitakwenda ubalozini, na huko pia nitapitia mlangoni.

Gauni lako ninalo. Lile ulilolishona kwa pazia la madam lililotupwa, lenye maua makubwa, ambalo lilikufanya ufanane na sebule. Walipokusanya vitu vyako nililificha kati ya nguo zangu. Watoto wa hapa nawapenda, nitawakumbatia, tutalia sote. Lakini siku ya kuondoka nitalivaa gauni hilo na kutoka mchana, na begi langu, nikiimba ule wimbo wa filamu aliotukataza madam wa Riyadh. Nitaimba vibaya, unajua sauti yangu. Nikifika nitamvika binti yako Neema, hata kama litaburuzika chini, na nitamsimulia habari ya treni kabla mtu hajamwambia ya mlima.

Pumzika sasa, mwenzangu. Na huo ukuta uache hapo hapo. Tunatoka kwa geti.

Wako wa jikoni,
Nafula